Uniti 504 za Jumapili

Kosa kubwa lilifanyika kabla kazi yenyewe haijaanza: kiwanda kilinunua dawa kabla ya kupima ugonjwa. Ni kiwanda chetu cha kukamua alizeti, kusafisha mafuta na kufyatua madumu yake chenyewe, kanda ya kati ya Tanzania. Zamu ni mbili, saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Bili ya umeme ilikuwa inapanda huku tani za mbegu zikipungua. Kila mwisho wa mwezi mhasibu anauliza, na karakana haina jibu. Akatokea muuzaji wa paneli za kapasita, akaitazama bili dakika 10, akasema tatizo ni pawafakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi; kapasita ndizo huipandisha. Paneli ikafungwa wiki hiyo hiyo.

Hesabu yake haikuwa ya uongo. Mteja wa kundi la T2, ambamo viwanda kama chetu vimo, hulipia vitu viwili tofauti: uniti (kilowati-saa) alizotumia, na kVA (mzigo wote unaovutwa, unaofanya kazi na usiofanya) ya juu kabisa aliyofikia ndani ya mwezi. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, uniti moja ilikuwa shilingi 195 na kVA moja shilingi 15,004 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo. Mzigo wetu ulikuwa kilowati 240 kwa pawafakta 0.78. Gawanya 240 kwa 0.78, unapata kVA 308. Ukiipandisha hadi 0.95 unapata 253. Tofauti ni kVA 55, yaani shilingi 825,000 hivi kila mwezi. Nani angekataa?

Kilichokuwa na kasoro ni mpangilio wa kazi na aina ya kifaa. Kwa mzigo ule zilihitajika kapasita za kVAr 114 (kVAr ni kipimo cha ukubwa wake), akaleta za 150, zote zimefungwa moja kwa moja bila kidhibiti cha kuziingiza na kuzitoa kwa hatua. Mchana zilifanya kazi vizuri. Usiku mzigo ukishuka, kapasita zote 150 zilibaki ndani, na volti, ambayo usiku tayari iko juu, ikasukumwa juu zaidi. Taa za uani zikaanza kufa. Ndani ya miezi miwili kapasita mbili zikavimba kama mkebe wa nyama ulioharibika, kwa sababu mashine ya madumu na mashine ya kujaza zina invata, vifaa vya kubadili kasi ya mota, na invata huchafua umbo la mawimbi ya umeme. Uchafu huo hukimbilia kwenye kapasita na kuzichemsha. Paneli ya namna hiyo huhitaji koili za kuzuia, zinazowekwa mbele ya kila hatua ya kapasita. Muuzaji hakuzitaja, na sisi hatukujua kuziuliza.

Uniti, kwa upande wake, hazikupungua hata moja inayoonekana. Kapasita hushusha kVA tu. Vile visanduku vinavyochomekwa kwenye soketi na kuitwa viokoa umeme vimejengwa juu ya mkanganyiko huo huo. Anayelipia uniti peke yake hapati chochote ndani yake.

Hapo ndipo tuliporudi mwanzo, kwenye mita, Jumapili.

Kazi ya Jumapili haihitaji mtaalamu. Soma mita saa 12 asubuhi kiwanda kikiwa kimefungwa, isome tena saa 12 jioni. Mtego mmoja tu: mita ya kiwanda huwa haipitishi mkondo wote, hupitisha sehemu ndogo kupitia siti (transfoma ya kupunguza mkondo), na siti zetu ni 500/5, yaani ampea 500 huwa 5. Kwa hiyo tofauti ya namba lazima izidishwe kwa 100, isipokuwa kama mita yenyewe imeshapangwa kuzidisha. Angalia kibandiko cha mita, linganisha na bili ya mwezi uliopita, namba lazima zikubaliane. Sisi tulipata tofauti ya 5.04. Mara 100 ni uniti 504, kugawa kwa saa 12 ni kilowati 42. Mashine zote zimezimwa, geti limefungwa, mlinzi anakunywa chai, na kiwanda kinavuta kilowati 42.

Ilitia aibu, kwa kuwa wote tulikuwa tukiamini Jumapili hatutumii kitu.

Wiki iliyofuata tulijaribu kipimo cha pili, karatasi ya miraba tu. Uniti za kila wiki upande wa kusimama, tani za mbegu upande wa kulala, wiki 12. Nukta zikajipanga karibu na mstari, lakini mstari haukuanzia sifuri. Ulikata upande wa uniti karibu na 7,000. Maana yake hata kama mbegu isingeingia kabisa, wiki ingekula uniti 7,000. Ukizidisha kilowati 42 kwa saa 168 za wiki unapata 7,056. Vipimo viwili tofauti, jibu moja. Tangu hapo hatukubishana tena na mhasibu kwa kutumia bili ya shilingi. Bili hupanda na kushuka na uzalishaji, haikuambii kama umebana au hukubana. Mstari ule hukuambia.

Jumapili ya pili tulizima breka moja moja kwenye paneli kuu, dakika 10 kila moja, tukiandika namba iliyoshuka. Kompresa: kilowati 21. Pampu ya mnara wa kupozea: 9. Hita za mashine ya madumu: 5. Feni ya mnara: 3. Taa za uani: 2. Ofisi, na kiyoyozi chumba cha kompyuta: 2. Jumla 42.

Kila kimoja kilikuwa na mtu aliyekiacha kwa sababu yake, na sababu zenyewe zilikuwa za maana. Hita ziliachwa ili Jumatatu mashine ianze mapema. Dawa yake ilikuwa taima ya kuwasha saa 11 alfajiri, na plastiki ikaacha kuungua ndani ya pipa la kuyeyushia la mashine, kwa kuwa plastiki iliyokaa moto bila kutembea hubadilika rangi na kutoa madumu yenye madoa meusi. Pampu ya mnara iliachwa kwa sababu ikizimwa maji yote hurudi chini na asubuhi inakuwa kazi kuijaza. Tulipoifuatilia, valvu ya kuzuia maji kurudi ilikuwa imekwama wazi, kipande cha mpira kimeliwa. Valvu moja ya inchi 3 ilikuwa imezalisha desturi ya kuwasha pampu ya kilowati 11 usiku kucha. Ndiyo maana hatupendi mabango ya ZIMA UKITOKA. Muulize kwanza aliyewasha kwa nini aliwasha.

Tahadhari moja hapa, kwa sababu nusura tuivuke. Si kila kinachozunguka usiku ni uzembe. Mafuta yaliyo kwenye mtambo wa kuondoa harufu yakiwa bado moto, maji ya kupoza na pampu ya vakyumu hazizimwi. Mafuta ya moto yakikutana na hewa huharibika, na laki za akiba ya umeme haziwezi kulipa tanki la mafuta yaliyoharibika. Tulitengeneza orodha mbili: vinavyozimwa na mwendeshaji wa mwisho, na visivyoguswa mpaka kipimajoto kifike chini ya kiwango kilichoandikwa ukutani.

Sasa kompresa, maana nusu ya uvujaji wote ilikuwa pale.

Kompresa yetu ni ya skrubu, kilowati 37, na huishi maisha mawili: ama inabana hewa, inavuta kilowati 39 hivi, ama inazunguka bure ikisubiri shinikizo lishuke, inavuta 12. Watu wengi hudhani ikizunguka bure haili. Inakula kama theluthi ya mzigo wake. Kipimo cha uvujaji ni saa ya mkononi. Kiwanda kikiwa kimya, hakuna mashine inayotumia hewa, washa kompresa, pima sekunde za kubana na sekunde za kuzunguka bure, mara tano, chukua wastani. Sisi tulipata sekunde 110 za kubana, 220 za kuzunguka bure. Gawanya 110 kwa jumla ya 330: theluthi moja. Theluthi ya hewa yote ambayo kompresa inaweza kutoa ilikuwa inatoka kwenye matundu. Kiwanda kinachotunzwa vizuri hukaa chini ya asilimia 10.

Kwa shilingi: kilowati 21, saa 72 za wiki ambazo kiwanda kimefungwa, ni uniti 1,512. Mara 195 ni shilingi 294,840 kwa wiki, bila kodi, na hiyo ni saa za kufungwa peke yake. Saa za kazi matundu yalikuwa yanavuja vilevile, ila kelele za mashine zilikuwa zinayaficha.

Tundu la milimita 3 kwa shinikizo la bar 7 hupitisha karibu lita 10 za hewa kwa sekunde, na kompresa hutumia kilowati 3.5 mpaka 4 kuizalisha hewa hiyo. Ni kama kuacha pasi nne zikiwaka juu ya meza, mchana na usiku.

Kuyatafuta kulihitaji ndoo ya maji ya sabuni ya unga, brashi ya rangi, utepe mwekundu na masikio. Jumapili, kimya. Mtu mmoja anafuata bomba kuu, mwingine mashine. Panapotoa povu, funga utepe wenye namba, andika kwenye daftari mahali na aina ya kiungo. Kosa letu la raundi ya kwanza: tulikuwa tunaziba papo hapo. Fundi anakaza kiungo kimoja dakika 40, siku inaisha nusu ya kiwanda haijaguswa, na hakuna anayejua ni matundu mangapi. Raundi ya pili tuliweka alama tu, tukatoka na tepe 61, tukanunua vifaa vyote kwa mkupuo mmoja.

Mengi hayakuwa kwenye mabomba. Yalikuwa kwenye urefu wa mita moja ya mwisho kabla ya mashine: viungo vya kubonyeza vya mipira, mipira iliyokauka na kupasuka shingoni, bakuli za vichujio zilizofungwa bila oringi, na valvu za kutoa maji zinazojiendesha ambazo zimekwama wazi kwa kutu. Hizi za mwisho ndizo mbaya zaidi, kwa sababu zimewekwa ili zitoe hewa kidogo, na mtu akisikia mlio anadhani ni kawaida. Kwenye nyuzi za chuma tulizungusha tepu nyeupe mizunguko mitatu mpaka minne kufuata mwelekeo wa kukazia. Ukizungusha kinyume inajifungua yenyewe wakati wa kukaza na unarudi palepale. Viungo vya bei rahisi vya kubonyeza tulivifunga, vikavuja tena baada ya wiki sita. Hiyo hela ilipotea. Safari ya pili tulichukua vya shaba vyenye kufuli, na kila tawi la kiwanda likapata valvu yake ya mpira wa chuma, inayofungwa na zamu inayotoka. Vifaa vyote vya hewa, pamoja na vile vya kosa, havikufika gharama ya wiki tatu za ule uvujaji.

Kipimo cha saa kikarudiwa: sekunde 25 za kubana, 320 za kuzunguka bure. Asilimia 7.

Baada ya hapo tu ndipo tuligusa shinikizo. Lilikuwa bar 7.5, kwa nini hakuna aliyejua. Kila bar moja unayoshusha hupunguza umeme wa kompresa kwa asilimia 6 hadi 7, na matundu yaliyobaki nayo huvuja kidogo kuliko awali. Tukashusha kwa 0.2, siku mbili za kuangalia, 0.2 nyingine. Kwenye 6.9 mashine ya madumu ikaanza kutoa madumu yenye mabega yaliyobonyea, opareta wakaja juu, na meneja wa uzalishaji akaagiza tupandishe mpaka 8. Siku ile mradi ungeweza kufia hapo. Tulifunga kipima shinikizo mlangoni mwa mashine badala ya kusoma kile cha tangi: tangi 6.9, mashine 5.6. Bar 1.3 zinapotelea njiani, ndani ya kichujio kilichoziba kwa mafuta meusi na mpira wa nusu inchi wenye urefu wa mita 9 uliozungushwa kama nyoka nyuma ya mashine. Kichujio kipya, bomba la inchi moja, mpira wa mita moja na nusu. Mashine ikapata 6.3 huku tangi likiwa 6.5, na ndipo tulipo mpaka leo.

Chumba cha kompresa nacho kilikuwa kinameza pumzi yake chenyewe. Hewa ya moto inayotoka juu ya mashine ilikuwa inarudi kwenye kichujio cha kuingizia, nyuzi 44. Mfereji wa bati wa kuitoa nje kupitia ukutani ukaishusha hadi 32. Kwa kila nyuzi 4 unapata kama asilimia 1. Si nyingi, lakini bati lilikuwa limelala stoo. Usiuelekeze mfereji upande upepo unakotoka, utairudisha hewa ndani.

Na kupiga nguo vumbi kwa hewa ya kompresa kumepigwa marufuku. Si kwa ajili ya uniti tu. Hewa ya shinikizo hilo ikipita kwenye kidonda au sikio humuumiza mtu vibaya.

Upande wa mvuke hatukuwa na mita, tulikuwa na milima ya maganda ya alizeti na kuni. Vitu vya kuchoma kwenye boila tunavizalisha wenyewe kwa sehemu, kwa hiyo hakuna aliyeona vina gharama, mpaka msimu ulipoisha na lori za kuni zikaanza kuingia. Hatua ya kwanza ilikuwa kuhesabu toroli zinazoingia tanuruni kwa zamu, na kufunga mita ya maji kwenye bomba la kulisha boila. Maji yaliyoingia, ukitoa yale ya blodauni (maji machafu yanayomwagwa kutoka boila), ndiyo mvuke uliotoka. Toroli kwa kila lita 1,000 za maji, hicho kikawa kipimo chetu.

Kuni mbichi ndizo zilizotutesa. Moto hutumia joto lake la kwanza kukausha maji yaliyo ndani ya gogo, na joto hilo linatoka na moshi. Maganda yaliyolowa mvua ya Januari yalikuwa yanafuka tu. Banda la mabati lisilo na kuta, sakafu iliyoinuliwa kwa mawe, kuni zilizopasuliwa na kupangwa miezi kadhaa kabla ya kuchomwa: hakuna kifaa kingine upande wa boila kilichobadilisha kazi ya wachochezi kama lile banda.

Bomba la moshi lilifungwa kipimajoto. Likisoma nyuzi 280 ilhali boila imetoka kuoshwa husoma 220, masizi yamejaa kwenye mirija. Kila nyuzi 22 za ziada kwenye moshi ni kama asilimia 1 ya kuni iliyopotea, kwa hiyo zile 60 ni karibu asilimia 3. Brashi ya mirija kila Jumapili. Tukaongeza ujanja wa kubana hewa ya feni ili joto lisikimbie, tukabana kupita kiasi. Moshi ukawa mweusi, masizi yakajaa ndani ya siku nne, joto la bomba likapanda kuliko mwanzo. Moshi wa rangi ya kijivu hafifu ndio unaoutaka. Usioonekana kabisa mara nyingi maana yake unapasha joto hewa ya bure, na mweusi maana yake unarusha kuni ambazo hazijaungua. Mlango wa tanuru ukiachwa wazi kati ya toroli na toroli, mahesabu yote hayo ni bure.

Mabomba: mvuke wa bar 7 una nyuzi 170. Bomba la inchi 4 lililo uchi hupoteza karibu wati 700 kwa kila mita. Likivikwa sufi ya mawe ya milimita 50 na bati juu, hushuka chini ya wati 80. Tulikuwa tumevika mabomba tangu zamani, lakini valvu na flenji zote zilikuwa uchi, kwa sababu fundi akifungua kurekebisha harudishi. Valvu moja iliyo uchi ni sawa na mita nzima ya bomba lililo uchi, na ikiwa kubwa inazidi. Tulishona mifuko ya turubai la kuhimili joto, imejaa sufi, yenye kamba za kufungia. Fundi anaivua, anaivisha. Sufi iliyolowa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa hupitisha joto na kulisha bomba kutu, basi ziba uvujaji kwanza, vika baadaye.

Kisha maji yanayotokana na mvuke uliopoa. Yalikuwa yanamwagwa mtaroni yakiwa nyuzi 85, huku tukilisha boila maji ya kisima ya nyuzi 30. Kila nyuzi 6 unazoongeza kwenye maji ya kulisha hupunguza kuni kwa kama asilimia 1. Tulirudisha, tangi likafika nyuzi 72, na toroli zikapungua. Makosa mawili hapa.

Kosa moja ni kwamba tulirudisha kila kitu, pamoja na maji kutoka koili za tangi la kupashia mafuta. Koili moja ilikuwa na ufa mwembamba. Mafuta yakaingia boila, maji yakatoa povu, kioo cha kuonyesha usawa wa maji kikawa kinacheza, na mvuke ukabeba maji mpaka kwenye mitambo. Boila ilizimwa siku mbili kuoshwa. Mafuta yakitanda kwenye mirija huzuia joto kupita, na mrija unaweza kuungua. Sasa maji ya kila koili hupita kwenye chupa ya kioo yenye bomba dogo la kuchotea, mchochezi huchota kila zamu. Yakiwa na utando, valvu ya njia tatu hugeuzwa, yanaenda mtaroni mpaka koili izibwe.

La pili: siku tangi lilipofika nyuzi 88 pampu ya kulisha ilianza kunguruma kana kwamba imemeza kokoto, na usawa wa maji ukaanza kushuka. Maji ya moto kiasi hicho huchemka mlangoni mwa pampu pakiwa na mvuto, na tangi letu lilikuwa limekaa chini, karibu usawa mmoja na pampu. Liliinuliwa mita 3 juu ya fremu ya chuma. Anayetaka kurudisha maji ya moto apange fedha ya fremu tangu mwanzo.

Trapu za mvuke, valvu zinazotoa maji na kuuzuia mvuke usitoke, zilikuwa 23. Tulizikagua kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye trapu, mpini sikioni, pamoja na kipimajoto cha mwanga kabla na baada. Inayopiga na kutulia ni nzima. Inayovuma mfululizo imekwama wazi na inapitisha mvuke mtupu. Iliyo baridi imeziba, na mtambo wake umejaa maji. Sita zilikuwa zimekwama wazi. Trapu yenyewe usiivike sufi kabla hujasoma maelekezo yake, kwa maana ile inayofanya kazi kwa kupoa ikivikwa haifungui kwa wakati, maji yanarudi ndani.

Mota tulizifikia mwisho. Konveya na elevata zilikuwa zinazunguka tupu saa nzima kabla ya mbegu kufika. Mota isiyo na mzigo hula uniti chache, lakini huvuta mkondo mwingi usiofanya kazi, na huo ndio unaoharibu pawafakta. Tulifunga nyaya za kufuatana ili elevata isiwake mpaka mashine ya mbele iwe tayari. Mikanda ya V ilibadilishwa kwa seti nzima, maana mmoja mpya kati ya mitatu mizee hubeba mzigo wote na kukatika. Feni ya kupuliza maganda ilikuwa inazibwa nusu kwa sahani ya bati miaka yote. Badala ya kununua invata tulibadilisha puli, kasi ikashuka asilimia 20, na umeme wa feni ukawa karibu nusu. Hiyo ni tabia ya feni na pampu za maji tu. Mashine ya kukamua ukiipunguza kasi umepunguza kazi, hujaokoa kitu.

Ndipo tuliporudi kwenye kVA. Mzigo wa juu ulikuwa umeshuka hadi kilowati 215 na pawafakta, bila kapasita hata moja, imepanda yenyewe hadi 0.83. Sasa zilihitajika kVAr 74, si 114, na kwa hakika si 150. Paneli ya pili ilikuwa ya 75, hatua sita, kidhibiti, koili za kuzuia. Ile ya kwanza imebaki na kapasita nzima chache tunazotumia kama vipuri. Anayezigusa asubiri dakika tano baada ya kuzima, kisha apime kwa mita kati ya kila nguzo kabla ya kuweka mkono.

Tulifika kVA 226, lakini bili ya mwezi ule ikaandika 231, kelele zikaanza upya. Jedwali la bei linasema unalipia iliyo kubwa kati ya kVA ya mwezi huo na asilimia 75 ya kVA ya juu kabisa ya miezi mitatu iliyotangulia, na 75 ya 308 ni 231. Mwambie bosi mapema, kabla hajaiona. Ukikosea siku moja utailipia pia miezi inayofuata, na siku hiyo kwa kawaida ni ile umeme unaporudi baada ya kukatika na kila opareta anawasha chake kwa pamoja. Mita haiadhibu mshtuko wa sekunde chache wa kuwasha mota kama wengi wanavyoamini, inarekodi wastani wa kipindi. Mitambo yote ikipasha moto kwa wakati mmoja ndiyo inayoipandisha. Mpangilio wetu ni maji na hewa kwanza, kisha mtambo mmoja kila dakika 15.

Walio Kenya wana sababu ya ziada. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zilitaka kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe matumizi yake kila baada ya miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Mkaguzi akikuta daftari la Jumapili tayari, kazi yake inakuwa nyepesi na ripoti yake inakuwa ya kweli zaidi.

Daftari letu linaandikwa na mlinzi, namba mbili kila Jumapili, asubuhi na jioni. Kutoka kilowati 42 tulishuka hadi 6. Mwezi wa nane likaandika 11, Jumapili mbili mfululizo. Breka moja moja tena: taima ya hita ilikuwa imerudishwa kwenye mkono, kwa sababu saa yake ilipotea umeme ulipokatika na hita zikawa zinawaka saa 5 asubuhi. Imewekwa nyingine yenye betri, na kwenye mlango wa paneli kuna karatasi inayosema saa inayopaswa kusomeka.